Kabla hujaushusha ungo, piga hesabu

Ndugu msikilizaji, usiku wa Januari 21, 2024 Taifa Stars walikuwa San Pedro, Ivory Coast, wakicheza na Zambia katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwa sisi wa Rukwa mechi ile haikuwa ya mbali. Zambia ni jirani wa ukuta mmoja. Wako watu wa Kalambo wenye shangazi Mbala na wajomba Mpulungu. Simon Msuva alikuwa ametufungia bao dakika ya 11, Zambia wakabaki wachezaji kumi kabla ya mapumziko, na mimi nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu na jamaa kadhaa, roho zimetulia. Tulikuwa tukiangalia kwa njia ya intaneti, maana mwezi huo nilikuwa nimeacha kulipia king'amuzi.

Zikiwa zimebaki dakika chache mpira uishe, tukasikia nyumba ya jirani inaguna. Haikuwa shangwe. Ulikuwa ule mguno mzito wa watu waliopata msiba mdogo. Kwenye televisheni yetu mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja. Tukatazamana. Baada ya nusu dakika hivi, Patson Daka naye akaruka na kufunga kwa kichwa mbele ya macho yetu. Mechi ikaisha 1–1. Mama yangu mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kimya na shuka lake mabegani, akaniuliza: "Mwanangu, mbona sisi tunaonyeshwa ya zamani?"

Swali la mama mkubwa ndilo limenileta kwenu wiki hii. Siku hizi hapa mjini watu wengi wananiuliza kama ni wakati wa kuushusha ungo, kuacha kulipia king'amuzi, na kuangalia kila kitu kwa mtandao. Vijana wanasema ungo ni mambo ya kale. Wazee wanasema intaneti inakula fedha. Nadhani wote wana sehemu ya ukweli, lakini tusibishane kabla hatujajua vitu hivi viwili vinavyofanya kazi.

Tuanze na tulikotoka. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni yake hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Televisheni ya Taifa ilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata kwa zamu mwaka 2013, na neno king'amuzi likaingia katika lugha ya kila nyumba. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2013 Azam TV nayo ikaingia sokoni, ikawakuta StarTimes, DStv na wengineo. Katika baadhi ya miji yetu ilikuwapo pia kebo, yaani mtu mmoja anaweka madishi makubwa nyumbani kwake na kuwavutia majirani waya kwa malipo ya mwezi. Huku kwetu juu Ufipa, ungo ndio uliotawala. Ukitoka Sumbawanga kwenda Laela, au ukienda Namanyere, utaona nyumba ya tofali za kuchoma, bati, na pembeni ya bati ungo umeelekezwa angani.

Sasa ungo unafanya nini? Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, zikizunguka kwa mwendo ule ule wa dunia, na ndiyo sababu ungo wako ukishaelekezwa hauhitaji kugeuzwa. Kituo kinarusha picha kwenda juu, setilaiti inaimwaga chini juu ya nchi nzima, na kila mwenye ungo anakinga. Ni kama mvua. Mvua ikinyesha Sumbawanga, haipungui kwa sababu jirani yako naye ametega ndoo. Mkiwa nyumba kumi mnaoangalia au nyumba milioni moja, gharama ya kurusha ni ile ile. Hata watoto wako wakikesha wanaangalia katuni, hakuna kinachoongezeka kwenye malipo ya mwezi.

Kuangalia kwa mtandao, au kutiririsha kama wanavyosema wataalamu wa lugha, ni jambo jingine kabisa. Hapa hakuna mvua; kuna bomba. Filamu imehifadhiwa kwenye kompyuta kubwa mahali fulani. Ukibonyeza, kompyuta hiyo inaikata vipande vidogo vya sekunde chache chache na kukutumia wewe peke yako, kimoja baada ya kingine, hadi kwenye mnara wa simu ulio karibu nawe. Simu au televisheni yako inaweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukisuasua kidogo picha isigande. Mtandao ukipungua nguvu, inaomba vipande vyepesi zaidi, na ndipo unapoona sura ya mchezaji inakuwa ukungu. Ukiongeza nguvu, sura inarudi.

Hapo ndipo lilipo jibu la mama mkubwa. Kukata vipande, kuvituma na kuviwekea akiba kunachukua muda, na kwa mechi inayochezwa wakati huo huo ucheleweshaji wa nusu dakika ni jambo la kawaida. Ungo nao huchelewa, lakini kwa sekunde chache tu. Kwa tamthilia hakuna anayejali. Kwa mpira, jirani atakuwa ameguna.

Lakini nusu dakika si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni hilo bomba. Maji ya mvua hayana mita. Maji ya bomba yana mita. Kila saa unayoangalia kwa mtandao inapimwa, na kila mtu anayeangalia kivyake anapimwa kivyake.

Tupige hesabu pamoja, msikilizaji, chukua kalamu. Kampuni ya Netflix ya Marekani, ambayo ilifungua huduma yake karibu Afrika nzima Januari 2016, inaeleza yenyewe matumizi yake ya data. Kwa picha ya kiwango cha chini, saa moja hula kama gigabaiti 0.3. Kwa picha ya kawaida, gigabaiti 0.7. Kwa picha safi inayojaza televisheni kubwa, hadi gigabaiti 3. Na kwa picha ya kiwango cha juu kabisa, hadi gigabaiti 7.

Chukua familia inayoangalia saa mbili tu kila siku, tuseme tangu taarifa ya habari hadi watoto walale. Kwa mwezi ni saa 60. Kwa picha ya chini ni gigabaiti 18. Kwa picha ya kawaida ni gigabaiti 42. Kwa picha safi ni gigabaiti 180. Sasa tuweke bei ya mfano, ambayo si ya kampuni yoyote, ya shilingi 2,000 kwa gigabaiti moja ya bando la simu. Picha ya chini itakugharimu shilingi 36,000 kwa mwezi, ya kawaida 84,000, na ile safi 360,000. Juu ya hapo uongeze ada ya huduma yenyewe, kwa sababu bando ni nauli tu, bado hujalipa kiingilio.

Mwenye ungo aliyelipa, tuseme, kifurushi cha shilingi 25,000 ameangalia saa zile zile 60, au 160, au 300, na bei yake haikusogea. Weka bei halisi unayolipa wewe badala ya hizi za kwangu, kisha uone. Mlango wa hesabu ni mmoja: saa unazoangalia, mara gigabaiti kwa saa, mara bei ya gigabaiti.

Kwa nini basi tunasikia kwamba huko duniani watu wanakata kebo na kuhamia mtandaoni kwa maelfu? Ni kweli wanahama. Netflix ilianza mwaka 1997 kama biashara ya kukodisha filamu, ikawa inazipeleka kwa posta, na mwaka 2007 ikaanza kuzionyesha kwa intaneti. Mwezi Mei 2025, kwa mujibu wa vipimo vya kampuni ya Nielsen, kwa mara ya kwanza Wamarekani waliangalia kwa mtandao kuliko kebo na televisheni ya kawaida zikijumlishwa. Sehemu ya mtandao ilikuwa asilimia 44.8. Lakini Mmarekani huyo ana waya wa intaneti ulioingia nyumbani, analipa kwa mwezi, na kwa kawaida hahesabu gigabaiti mojamoja. Bomba lake ni pana na aghalabu halina mita. Kebo yake ndiyo ilikuwa ghali. Sisi kwa wengi wetu mambo yamegeuka: ungo wetu ndio hauna mita, na intaneti yetu ndiyo yenye mita. Ushauri uliotengenezwa kwa nyumba ya Chicago ukiuchukua mzimamzima hadi Katandala, utaumia.

Hata huko Marekani wamejifunza jambo ambalo linatuhusu. Walipohama walidhani watalipa huduma moja. Disney wakaanzisha yao Novemba 2019, HBO Max ikafuata Mei 2020, kila mwenye filamu akafungua duka lake, na watu wakajikuta wanalipa bili nne au tano badala ya moja. Kwetu fikiria Ligi Kuu. Mwaka 2021 Azam walisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwenye haki ndiye mwenye mpira. Ukishusha ungo ili umkwepe, utamkuta mtandaoni na programu yake, AzamTV Max, na utalipa huko pia. DStv nao wana njia yao ya mtandaoni. Kushusha ungo hakukutoi kwa mwenye mali. Kunabadili tu mlango unaoingilia.

Nisije nikaonekana wakala wa ving'amuzi. Malalamiko yenu nayajua, na mengi ni yangu pia. Unalipia chaneli 80 ili uangalie nne. Mechi unayoitaka imewekwa kwenye kifurushi cha juu. Unakwenda shamba wiki tatu wakati wa kuvuna, kifurushi kinaendelea kuhesabu siku kwenye nyumba iliyofungwa. Kifurushi kinaisha saa moja kabla ya fainali. Na sisi wa uwanda wa juu tuna la ziada: kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua kubwa ikishuka kutoka Mbizi, matone na mawingu mazito yanazuia mawimbi ya setilaiti, na televisheni inaandika kwamba hakuna mawimbi hadi mvua ipite.

Mtandao una uzuri wake ambao ungo hauwezi kuufikia. Unaangalia saa unayotaka. Unasimamisha filamu, unakwenda kufunga ng'ombe, unarudi na kuendelea pale pale. Mwanafunzi wa kidato cha nne akikwama kwenye hesabu za logi, anapata mwalimu wa kumweleza mara tano bila kukasirika. Aliyeko Kirando au Mtowisa akiwa na simu na mnara, hahitaji fundi wala nguzo. Na unalipa mwezi unaotaka tu.

Lakini tuangalie pia bomba lenyewe linapita wapi. Vipande vile vya filamu, vikitoka nje ya nchi, hupita baharini kwa mikongo iliyofika Dar es Salaam tangu SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kutoka pwani hadi huku kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000 za nyaya na minara. Kila hatua inaweza kukatika. Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Aidha, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti haikupatikana nchini kwa siku kadhaa. Nyumba iliyokuwa imeweka kila kitu mtandaoni, habari, mpira na tamthilia, ilibaki na kioo cheusi. Waliokuwa na redio na ungo walikuwa na pa kusikilizia.

Na umeme? Kwa miaka mingi Sumbawanga imetumia umeme ulionunuliwa Zambia na kuletwa kwa njia ya Mbala, kwa kuwa Rukwa haikuwa imeunganishwa na gridi ya Taifa, na kukatika tunakujua. Hapa simu inashinda: ina betri, na mnara nao una betri au jenereta yake. Televisheni kubwa inazimika ikiwa ya ungo au ya mtandao.

Ndugu msikilizaji, nimesema habari za fedha, lakini kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti, nayo ndiyo iliyonifanya nirudie kulipia king'amuzi. Kifurushi kilikuwa cha nyumba. Bando ni la mtu.

Mwezi ule tulipokuwa bila ungo, nilianza kuona kitu sebuleni. Kijana wangu mkubwa alikuwa chumbani na simu yake. Binti alikuwa jikoni na ya kwake. Mimi nilikuwa na yangu. Kila mmoja alikuwa amenunua bando lake na analibania kama sukari ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ukimwonyesha mwenzako unajimaliza mwenyewe. Mama mkubwa, ambaye simu yake ni ya kubonyeza, alikuwa amekaa peke yake mbele ya televisheni iliyozimwa, akisubiri taarifa ya habari ya saa mbili ambayo hakuna aliyemwambia kwamba haitakuja. Hakulalamika. Alikaa mpaka saa tatu, akaenda kulala.

Nilipopiga mahesabu ya mwezi huo, bando za watu watatu zilikuwa zimezidi bei ya kifurushi nilichojidai kukikwepa. Tulilipa zaidi, tukaangalia kidogo, na kila mtu peke yake. Januari ni mwezi wa ada na mbolea. Fedha ile ilikuwa na kazi.

Wenye vibanda umiza wa Matai na Laela walilijua hili zamani bila diploma yoyote. Ungo mmoja, televisheni moja, benchi kumi, na kila mtu anatoa mia chache. Kitu kisicho na mita kinafaa kutumiwa na wengi. Kitu chenye mita kinafaa kutumiwa kwa shabaha.

Basi nishauri nini? Kwanza, usishushe ungo kwa kuiga. Fanya ile hesabu ya mstari mmoja, kwa saa zenu na kwa bei zenu. Kama unakaa peke yako, unafika nyumbani saa nne usiku na unaangalia filamu mbili kwa wiki, mtandao unaweza kukufaa zaidi. Kwa picha ya kawaida, filamu nane za saa mbili kwa mwezi ni gigabaiti 11 hivi tu. Kama nyumba ni ya watu saba na wageni wa mpira, ungo bado ni mali.

Pili, kabla ya kukata, uliza kama nyumba yako inaweza kupata intaneti ya waya au ya mwezi isiyo na mita, kama ile ya faiba ya TTCL au ya kampuni za simu. Uliza vilevile kama kuna kiwango ambacho ukikipita kasi inapunguzwa, kwa sababu neno "bila kikomo" aghalabu lina kikomo chake kimejificha. Ukiipata, hesabu yote niliyoifanya hapa inageuka, na waliohama watakuwa na haki ya kutucheka.

Tatu, kama unatumia bando, ingia kwenye mipangilio ya programu uchague picha ya chini au ya kawaida. Kwenye kioo cha simu macho yako hayataona tofauti kubwa na picha safi, lakini mfuko utaiona. Pakua usiku, wakati bando nyingi huwa nafuu, uangalie mchana bila mtandao. Tena zima ule utaratibu wa video kujianzisha zenyewe moja baada ya nyingine. Huo ni bomba lililoachwa wazi.

Nne, usiiache nyumba bila chaneli za bure. Vipo visimbuzi vya antena ya kawaida vinavyoendelea kuonyesha chaneli za kitaifa hata malipo yakiisha. Si kila kisimbuzi kinafanya hivyo. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliwazuia baadhi ya wenye leseni za kulipia kubeba chaneli hizo, na watu wengi walishangaa kuona zimetoweka. Muulize muuzaji kabla hujatoa fedha: nikiacha kulipa, nitabaki na nini? Na kama mawimbi ya antena hayafiki kijijini kwako, ujue mapema.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala ni mbaya. Walisema tu kwamba unapita, na wewe bado una pa kukalia. Siku intaneti ya waya itakapofika kila mtaa wa Sumbawanga kwa bei ya mwezi, nitapanda mwenyewe juu ya bati na kuushusha ungo wangu, na mama mkubwa nitamwekea taarifa ya habari ya saa mbili kwa mtandao. Hadi hapo, nyumbani kwangu ungo uko pale pale. Simu tunazo, na kila mtu ana filamu yake ya kupakua usiku. Lakini ikifika saa mbili, bando zinawekwa pembeni na tunakaa wote sebuleni.